Hodi ya Nne

Mhezi,
9 Juni 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujaifungua bahasha. Mimi ni mzima. Goti la kulia linanikumbusha umri wangu kila asubuhi yenye ukungu, na Juni ya huku haina asubuhi isiyo na ukungu, kwa hiyo nakumbushwa kila siku. Mengine ni shwari.

Kilichoniweka mezani ni Subira. Jumanne iliyopita nilikuwa namshusha Same na magunia sita ya tangawizi ya jirani yetu Sifael. Tulipofika kwenye ule mteremko wa mawe, injini ilizimika ghafla, bila hata kukohoa. Nimeendesha magari ya mradi wa kanisa miaka thelathini, na Subira mwenyewe nimekuwa naye tangu mradi ulipofungwa nikamnunua, sijawahi kuona gari likifa namna ile. Tulivutwa na lori hadi gereji ya Abdulmalik pale Same, na yuko huko hadi leo.

Abdulmalik ameifungua injini na kuniandikia kwenye karatasi: injini imenoki, giaboksi imekwisha, bloku ina ufa. Anasema ni milioni sita, na hapo amenionea huruma. Unajua tunavyosemwa sisi Wapare, kwamba kuku akiibwa tunauza ng'ombe ili tuendeshe kesi. Basi mimi nafikiria kuuza ng'ombe wote wawili na kile kiwanja cha chini, nimtibu Subira. Nataka kusikia neno lako, ingawa la kwangu ninalo tayari.

Simu uliyoninunulia nimeiweka kabatini. Mtandao wa huku umeharibika kabisa, nikiiweka sikioni inakoroma tu. Ujumbe nao una herufi ndogo kama mayai ya chawa. Andika barua. Mwinjilisti huniletea kutoka sanduku la usharika, huisukuma chini ya mlango.

Msalimie mkwe wangu. Barua mbili sasa hujamtaja.

Baba yako,
Aminieli


Sumbawanga,
24 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sisi sote ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mitihani ya nusu mwaka imekwisha, na kidato cha pili wamenifelisha kwenye umeme kama kawaida yao.

Baba, umetaka neno langu, nami nitalisema. Liuze hilo gari. Nina miaka thelathini na minane na nilizaliwa nikalikuta duniani. Ukibadilisha injini, mwaka kesho itakuwa difu, mwaka utakaofuata ni chasisi. Na wewe una miaka sabini na mitano. Ile njia ina makorongo pande zote mbili, na tangu mama aondoke sipati usingizi nikikumbuka kwamba uko njiani na lile gari peke yako. Ng'ombe wanakupa maziwa na kiwanja kinakupa maharage. Gari linakupa nini?

Siku hizi kuna pikipiki hadi mlangoni. Ukitaka kwenda Same, bonyeza simu tu, mtu anakuja. Kuhusu mtandao, nimemuuliza mwalimu mwenzangu wa Suji, anasema kwao kunashika vizuri. Labda uhamie upande wa migombani ukipiga.

Mwanao,
Dorkas


Mhezi,
10 Julai 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kama ulivyokuwa ukisimama wewe nikikukaripia.

Umeuliza gari linanipa nini. Nitakujibu. Linanipa watu. Tangu Subira alipokuja katika ua huu, hapajapita siku tatu bila mtu kuja. Mke wa fulani ameshikwa na uchungu. Fulani amefariki hospitalini, maiti apandishwe nyumbani. Bibi harusi anatoka Chome. Walikuja hata kuomba spana. Mama yako alikuwa akinung'unika kwamba sufuria yake ya makande ni ya kijiji kizima, lakini ukimwambia apike ndogo alikuwa anakasirika.

Sasa Subira ana mwezi mmoja Same, na katika mwezi huo hakuna mtu aliyepiga hodi nyumbani kwangu. Hata mmoja. Nakaa mezani nikiupa mlango mgongo, kwa sababu nikiutazama nauona haufunguki. Napika makande Jumatatu, nayala hadi Alhamisi.

Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyopita nimetoka kwenda zahanati nikakuta mifereji ya barabara yote imezibuliwa na kona ya juu imejazwa mawe. Ulikuwa msaragambo, Dorkas. Kijiji kizima kimetoka na majembe kufanya kazi ya pamoja kama tulivyofanya tangu enzi za babu zangu, na mimi hakuna aliyeniambia. Mimi niliyebeba mawe ya barabara ile kwa gari langu na dizeli yangu! Sijakosa msaragambo tangu nioe. Nimeelewa. Walikuwa wanalipenda gari, na mimi nilikuwa dereva wake tu.

Kila kitu kimenyauka. Hata kwaya siku hizi inanong'ona, sijui wanaogopa kumwamsha nani, na nimeacha kwenda. Hata majogoo wamekuwa wavivu, jua linatoka hawajasema kitu.

Kwa hiyo usiniulize tena linanipa nini. Likiondoka hilo, ni nani atakayekuja kwangu? Lilimpandisha mama yako kutoka Same kwa mara ya mwisho. Niliendesha taratibu, nikawa naongea naye njia nzima.

Ng'ombe nitauza.

Baba yako,
Aminieli


Sumbawanga,
25 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimelia kwa hasira. Watu uliowapakia wagonjwa wao bure miaka yote hiyo! Kama ni hivyo, basi hawalistahili gari lako, na ndiyo sababu nyingine ya kuliuza. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya watu wasiokusalimia.

Nimeongea na Abdulmalik kwa simu. Nimemwambia asiguse kitu na atafute mnunuzi wa spea. Amesema atapanda Mhezi mwenyewe kuchukua kadi ya gari na sahihi yako. Naomba umpe. Nafanya hivi kwa sababu nakupenda na kwa sababu siwezi kuwa huko.

Dorkas


Mhezi,
12 Agosti 2024

Dorkas,

Barua imefika. Mtoto akishamtafutia mnunuzi baba yake, hakuna la kuongeza.

Ng'ombe hawajauzwa kwa sababu hakuna aliyekuja kuwatazama.

A.


Ujumbe wa simu kutoka kwa Abdulmalik, gereji, Same
3 Septemba 2024

Dada Dorkas asalaam aleikum, au niseme Bwana asifiwe, yote ni heri. Samahani ujumbe utakuwa mrefu, ila nimeona nikikupigia nitashindwa kusema vizuri. Jana nimepanda Mhezi kwa mzee kama tulivyokubaliana. Nimefika saa nne asubuhi, mlango umerudishiwa tu. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Ya tatu. Sisi dini inatufundisha hodi tatu, usipojibiwa geuka urudi, na huko mlimani kwenu nimeona ni hivyohivyo, mtu haingii nyumba ya watu kwa nguvu. Nikageuka niondoke. Sasa kupita dirishani nikamwona mzee huyo hapo, amekaa mezani anaandika, kanipa mgongo. Nikagonga kioo. Hakugeuka dada. Nikaita kwa sauti ile ninayowaitia vijana wangu injini ikiwa inaunguruma. Hakugeuka.

Nikaingia tu, Mungu anisamehe. Nilipomgusa bega aliruka hadi kalamu ikaanguka. Kisha akanishika mkono, hakuuachia kama dakika tano, akawa ananiuliza habari za Same zote mpaka za watu waliokufa zamani. Nikimjibu anatazama midomo yangu. Dada, mzee hasikii. Sio kidogo. Hasikii kabisa, na anajificha.

Nikaenda kwa jirani, Mzee Sifael. Akaniambia kwa uchungu, "Aminieli siku hizi ana maringo. Tunapiga hodi tunamwona yuko ndani, hajibu. Mke wangu amempelekea ndizi mara mbili, amerudi nazo. Msaragambo baragumu limepigwa mlima mzima umesikia, hakutokea, na sisi tukasema basi, mzee ana msiba wa gari, tumwache." Nikamuuliza, zamani mlikuwa mnamwitaje? Akasema zamani hakuna aliyekuwa anapiga hodi, kila mtu alikuwa anaingia kwenye gari pale uani anapiga honi. Ile honi dada unaijua, mimi ndiye niliyeifunga, ni ya lori. Ile alikuwa anaisikia. Gari lilipokuja kwangu likaja na honi yake.

Na jambo la mwisho, la kifundi. Injini ile haikufa ghafla. Ilikuwa inagonga miezi mitatu. Barabarani kila mtu aliisikia, tukajua mzee anajua, anasubiri pesa. Kumbe yeye mwenyewe ndiye pekee asiyesikia. Kadi sikuichukua. Sikuweza. Niambie nifanye nini.


Sumbawanga,
5 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kumtafutia Subira mnunuzi nyuma ya mgongo wako.

Abdulmalik ameniandikia. Alipokuja kwako siku ile alipiga hodi tatu, Baba. Aligonga dirisha, akaita. Hukusikia. Simu haijaharibika na majogoo hawajawa wavivu. Wala watu hawajakuacha. Mke wa Sifael amekuja mlangoni na ndizi mara mbili, akakuona umekaa, akaita, akarudi nazo kichwani. Baragumu la msaragambo lilipigwa mlima mzima. Wao wanadhani unaringa. Wewe unadhani wamekutupa. Mmekaa miezi mitatu hatua ishirini mbali, kila mtu na kinyongo chake.

Najua utakasirika kwamba nimelisema hili kwa maandishi, lakini nitalisemaje kwa njia nyingine? Najua vilevile kwa nini ulificha. Uliogopa nitakunyang'anya usukani. Ni kweli, ningekunyang'anya.

Na mimi nikuambie la kwangu ili tuwe sawa. Niliandika "sisi sote ni wazima". Hakuna sote. Mwenzangu aliondoka Februari mwaka jana, akachukua redio na meza. Nyumba ya mwalimu ina vyumba vitatu na mimi nalala sebuleni kwa sababu vile vingine vinanitisha kwa ukimya. Ndiyo maana sikuja Desemba. Nilijua utauliza mara moja tu na nitalia mbele ya watu. Sisi wawili tuna masikio tofauti, Baba, lakini nyumba zetu zina kimya kilekile.

Sasa sikiliza, nazungumza kama mwalimu wa fizikia. Ng'ombe hutoi, na gari hutengenezi. Lakini Subira hatakwenda na viungo vyake vyote. Mwambie Abdulmalik atoe taa moja ya mbele, yoyote unayoipenda, na betri, na swichi ya honi. Taa ifungwe ukutani mbele ya meza yako, swichi nje ya mlango. Betri itachajiwa na sola uliyonayo paani. Nimechora hapa chini, ni mchoro uleule ambao kidato cha pili wanaufeli kila mwaka: betri, swichi, taa, na waya wa kurudi. Mtu akibonyeza nje, kwako ndani kunawaka. Nitamwandikia Sifael nimweleze, awaambie wengine.

Mgeni hubonyeza mara tatu, akikosa jibu anaondoka. Desemba nitakuja. Nitabonyeza mara nne, ili ujue ni mtu asiyeondoka.

Mwanao,
Dorkas


Mhezi,
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa na barua yako siku tatu nikiwa na hasira, nawe unajua hasira yangu ikifika siku ya nne huwa imechoka.

Ni kweli. Ilianza sikio la kushoto, mwaka ule mama yako alipougua. Yeye alijua. Alikuwa akija upande wa kulia, na baadaye upande wowote, ananigusa kiwiko kwanza ndipo anasema. Watu wakiongea, yeye ananirudishia maneno yao kwa midomo, taratibu, mimi nacheka watu wanapocheka. Alipokufa sikujua kwamba nimefiwa na masikio pia. Katika Subira nilikuwa sihitaji masikio. Nikishika usukani, injini ilikuwa inakuja mikononi, nikajiambia bado nasikia.

Lakini kule kugonga kwa injini alikoniandikia Abdulmalik sikukusikia, wala mikononi. Hilo ndilo linaloniuma. Fundi akisema miezi mitatu, maana yake nimemwua mwenyewe, polepole, huku kila mtu njiani akimsikia analia. Tena nilikuwa nikipakia watu. Ungeniuliza mwaka jana kama mtu asiyesikia aendeshe gari lenye watu kwenye mteremko ule, ningesema akamatwe.

Kwa hiyo auzwe. Nimekwenda Same mwenyewe, nimeketi ndani yake mara moja, nikampa Abdulmalik kadi. Alitaka kuniacha peke yangu, nikamwambia abaki. Nimechagua taa ya kushoto, ile ya manjano isiyofanana na mwenzake. Mama yako aliichagua Moshi siku tulipogonga mgomba, akasema gari lenye macho mawili tofauti halisahauliki.

Kwa Sifael nilikwenda kwa miguu yangu. Nikamwambia, "Sisikii, Sifael. Sikuringa." Alisema maneno mengi, sikuyapata, ila mkewe aliingia jikoni akatoka na mkungu wa ndizi, na ule niliuelewa.

Kuhusu yule aliyeondoka na meza, sitasema neno baya kwenye karatasi. Ningejua, ningekuja Sumbawanga na Subira hata kama angefia Mbeya. Njoo nyumbani, mwanangu. Meza ipo.

Baba yako,
Aminieli


Mhezi,
19 Desemba 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba. Sijui kama barua hii itakukuta, shule zimefungwa na husemi lini unaondoka. Naandika kwa sababu nimezoea.

Taa ni nzuri kupita kiasi. Abdulmalik ameifunga mbele ya uso wangu, na ikiwaka naona kama nimekutana na lori kwenye kona. Wiki ya kwanza nilimwaga chai mara mbili. Sifael hubonyeza kama anayekanda unga, mara moja, kwa uzito. Mkewe hubonyeza mara mbili. Mwinjilisti ananiletea siku hizi majina ya nyimbo kwenye karatasi kabla ya ibada, nami naimba, na kama niko nyuma ya wengine hakuna aliyeniambia. Msaragambo wa Novemba alitumwa mtu kuja kubonyeza kabla baragumu halijapigwa. Nilikuwa wa pili kufika, jembe begani.

Nisikudanganye lakini. Wanaokuja ni wachache kuliko enzi ya Subira. Wagonjwa wana pikipiki, na maiti wana gari la usharika. Zipo siku mbili, tatu, taa hiyo inanitazama tu na mimi naitazama. Jana nilitoka nje nikaibonyeza mwenyewe, nikakimbia ndani kuona kama inawaka. Bila shaka, nilipofika ilikuwa imezimika. Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini nikamlilia mama yako.

Na pale uani alipokuwa akisimama Subira, nyasi hazijaota bado, ni doa la oili tu. Asubuhi nyingine najikuta nimesimama hapo na ndoo ya maji ya rejeta. Nimezoea, nitazoea na kutokuwa naye.

Nimepika makande tangu asubuhi. Nimepika sufuria ile kubwa, sijui kwa nini, mazoea tu. Nilitaka kukuuliza kama bado unapenda

Imewaka. Huyu ni Sifael, aningoje nimalize sentensi.

Imewaka tena. Basi ni mkewe.

Tatu. Mgeni huyu, nami bado nimeshika kalamu kama mpumbavu, ataondoka

Nne.

Barua hii haihitaji stempu.